Mimbari na Bandari: Kutembea kwa Miguu katika Mji wa Santo Domingo

Katika seminari kubwa jina la Padri Antonio Montesinos tulilisikia siku moja tu, katika somo la Historia ya Kanisa, tukaliandika katika daftari na kupiga mstari chini yake: mtawa wa Mtakatifu Dominiko, aliyewatetea wenyeji wa visiwa vya Amerika mwaka wa 1511. Mwenzetu mmoja alinyosha mkono. Alitaka kuuliza: na watu weusi je, nani aliwahubiria wakubwa juu yao? Lakini kengele ililia, mwalimu akafunga kitabu, nasi tukaenda kula. Miaka mingi kiisha, nilipopata asubuhi moja ya kutembea katika mji ule alimohubiri Montesinos, nilikwenda na swali la mwenzetu. Wandugu wasomaji, twende pamoja. Njia si ndefu. Hata mzee mwenye fimbo aweza kuimaliza kabla ya jua la saa sita.

Santo Domingo ni mji mkuu wa Jamhuri ya Dominikani, katika kisiwa ambacho upande wake wa magharibi ni inchi ya Haiti. Bartolomé Colón, ndugu yake yule tunayemwita Christophe Colomb, aliujenga mji huu ng'ambo ya mashariki ya mto Ozama katika miaka ya mwisho ya 1490. Mwaka wa 1502 tufani kubwa iliuangusha, naye gavana Nicolás de Ovando akauhamisha ng'ambo ya magharibi, akapima barabara zilizonyoka sawa mistari ya shamba lililopandwa kwa kamba. Tangu 1990 mji wa kale umeandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia. Kiongozi wetu, kijana mwenye sauti nzuri, hakuchoka kusema «ya kwanza»: ngome ya kwanza, barabara ya kwanza, hospitali ya kwanza, universite ya kwanza ya Amerika. Mimi nilichoka kuhesabu mapema kuliko kutembea.

Tulianzia penye Ngome ya Ozama, mnara mzito wa mawe unaotazama mahali mto unapoingia baharini. Kutoka pale barabara ya Las Damas, maana yake «mabibi», inakwenda kaskazini. Imepata jina kwa ajili ya mabibi waliomfuata María de Toledo, mke wa Diego Colón, mwana wa Christophe, walipofika mwaka wa 1509 ili Diego atawale kisiwa. Mwisho wa barabara kuna kiwanja kikubwa, na nyumba ya Diego mwenyewe yenye baraza mbili za matao, moja juu ya nyingine. Watalii hupiga picha zao hapo. Karibu na nyumba ile kuna mlango katika ukuta wa mji, unaoteremka bandarini, jina lake San Diego. Hapo kiongozi alisema neno moja tu juu ya watumwa, akatuvuta mbele. Nami naomba tusimame kidogo.

Mwaka wa 1501 wafalme wa Hispania walimpa Ovando ruhusa ya kuleta watu weusi waliozaliwa kati ya Wakristo. Mwaka wa 1503 Ovando mwenyewe aliomba wasiletwe tena, kwa sababu walikimbia msituni na kukaa pamoja na Wataino, wenyeji wa kisiwa. Lakini Wataino walikwisha kufa kwa kazi ya dhahabu, kwa njaa na kwa magonjwa. Katika hesabu ya mwaka wa 1514 hawakufika hata 30,000. Wakati uleule walowezi walianza kupanda miwa na kujenga vinu vya sukari. Vinu vilitaka mikono. Basi, katika mwezi wa nane wa mwaka wa 1518, mfalme Carlos akampa mkubwa mmoja wa baraza lake, Lorenzo de Gorrevod, ruhusa ya kupeleka watu weusi 4,000 katika visiwa, wakichukuliwa Afrika moja kwa moja. Gorrevod hakupanda merikebu; aliuza karatasi ile kwa wafanya biashara.

Mtu wa Kongo hawezi kuusoma mwaka huo kwa haraka. Katika mwaka uleule wa 1518 Papa Leo X alimchagua Henrique, mwana wa mfalme Afonso wa Kongo, kuwa askofu wa Utica. Karatasi mbili za mwaka mmoja: moja yamkiri mtu mweusi kuwa mrithi wa Mitume, nyingine yawahesabu watu weusi sawa magunia. Tena miaka minane baadaye, mwaka wa 1526, Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno akilia kwamba wafanya biashara wanawakamata watoto wa inchi, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kwamba inchi inabaki bila watu. Aliomba aletewe mapadri, na walimu, na divai na unga kwa ajili ya Misa. Biashara nyingine hakuitaka. Watumwa wa kwanza wa Santo Domingo wengi walitoka pande za Senegal. Kiisha wa Kongo na wa Angola wakaletwa kwa njia ya kisiwa cha São Tomé.

Wasifikiri wasomaji kwamba walikubali kimya. Katika siku za Noeli ya 1521 watumwa wa shamba la miwa la Diego Colón, yule mwenye baraza nzuri, waliasi. Waliokamatwa walinyongwa, na tarehe 6 mwezi wa kwanza 1522, sikukuu ya Epifania, Diego akatoa sheria kali juu ya weusi wote. Baadaye akatokea Sebastián Lemba, aliyepigana porini miaka mingi mpaka alipouawa karibu na mwaka wa 1547. Jina hilo Lemba, Mkongo hahitaji kutafsiriwa.

Tukapanda kuelekea magharibi mpaka magofu ya hospitali ya San Nicolás de Bari, iliyoanzishwa na Ovando mwaka wa 1503. Siku hizi njiwa ndio wagonjwa wake. Mapokeo ya mji yasema kwamba, kabla ya kuta hizi za mawe, mama mmoja mweusi aliwakusanya maskini wagonjwa katika kibanda chake mahali pale, akawaosha na kuwalisha. Jina lake halikuandikwa. La gavana limeandikwa kila mahali.

Katedrali haiko mbali. Jiwe lake ni la rangi ya asali, na ndani mna baridi njema. Ilimalizika karibu na mwaka wa 1540, nayo ni mama wa makanisa yote ya Amerika. Mwanzoni mwa 1586 Mwingereza Francis Drake aliuteka mji, akakaa mwezi mmoja, akachoma nyumba nyingi mpaka alipolipwa dukati 25,000. Katika siku hizo alimtuma kijana mweusi kwa Wahispania, naye akichukua bendera nyeupe ya mjumbe. Afisa mmoja Mhispania alimchoma mkuki. Kijana alirudi akijikokota, akafa mbele ya Drake. Kwa hasira Drake akawanyonga watawa wawili Wadominikani, waliokuwa mateka wake, wasio na kosa, akaapa kunyonga wengine kila siku mpaka mwenye kosa atolewe. Nao Wahispania wakamnyonga afisa yule. Kijana mmoja na watawa wawili, kifo chao kimefungwa pamoja, lakini kijana hata yeye hakuachiwa jina.

Kutoka katedrali ni hatua chache kwenda kusini mpaka konventi ya Wadominikani. Kanisa la mawe linaloonekana leo lilijengwa baada ya hubiri. Montesinos alihubiri katika nyumba iliyoezekwa kwa majani, kama kapela zetu za vijijini. Ilikuwa Dominika ya ine ya Majilio, tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 1511. Hubiri halikuwa la mtu mmoja. Watawa, chini ya mkubwa wao Pedro de Córdoba, walilitunga pamoja na kulitilia sahihi wote, kiisha wakamchagua Montesinos kwa kuwa alijua kusema. Wakawaalika wakubwa, na Diego Colón akakaa mbele. Montesinos alishika neno la Yohana Mbatizaji juu ya sauti ya jangwani, akawaambia wazi kwamba wanaishi katika dhambi ya mauti kwa ukatili wao juu ya Wataino, akawauliza kama hao si watu wenye roho.

Baada ya chakula wakubwa walikwenda konventini kutaka ayafute maneno yake. Pedro de Córdoba aliwapokea kwa upole, akasema atahubiri tena. Dominika iliyofuata kanisa lilijaa, wote wakingoja kusikia mtu akijirudi. Montesinos akaanza upya, kwa ukali zaidi, akaongeza kwamba hawatapewa maondoleo katika kitubio. Mfalme alikasirika, Montesinos alisafiri mpaka Hispania kujitetea, na mwaka wa 1512 zikatoka sheria za Burgos, ambazo walowezi walizishika kidogo sana.

Bartolomé de las Casas alikuwa padri wakati ule, naye alikuwa na Wataino wa kumfanyia kazi. Aligeuka mwaka wa 1514, na mwaka wa 1522 akaingia utawa katika konventi hii. Lakini mwaka wa 1516, kwa kuwahurumia Wataino, alikuwa ameshauri waletwe watumwa badala yao. Hili nalisema bila kumdharau, kwa maana yeye mwenyewe hakulificha: alipojua jinsi Wareno walivyowapata watu weusi, aliandika majuto yake, hata akaogopa kwamba kutojua kwake hakutatosha mbele ya hukumu ya Mungu. Mlango wa San Diego hauko mbali. Padri aliyetoka konventini aliweza kuufikia kabla ya kumaliza rozari. Huruma yake ilichelewa njiani miaka mingi. Tena ni katika kitabu chake kwamba hubiri la Montesinos lilihifadhiwa.

Penye bahari Mexico ilisimamisha mwaka wa 1982 sanamu ya Montesinos, ndefu karibu mita 15, mkono mdomoni, ikipaza sauti juu ya mawimbi. Mwaka wa 1992, mwezi wa pili, Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha kule Gorée juu ya dhambi ya utumwa. Mwezi wa kumi, akiwa Santo Domingo, aliwapa weusi wa Amerika ujumbe wao pekee.

Kiongozi alituaga penye sanamu. Lakini kaskazini ya mji kuna Villa Mella, mahali ambapo chama cha Roho Mtakatifu kinaitwa mpaka leo Chama cha Wakongo. Ngoma zao nazo zaitwa «congos». Wanazipiga kwa Pentekoste na kwa kilio cha wafu, tena mwaka wa tatu baada ya kifo, katika ibada waiitayo «banko», marehemu anapoagana na jamaa yake. Mwaka wa 2001 UNESCO ilizitangaza kuwa hazina ya watu wote.