Somo la Tisa: Taa za Pikipiki, Zamani na Sasa

Leo tutasoma habari za taa za pikipiki. Ninyi mkaao Nyamongo mwaijua vema kazi ya chombo hiki. Usiku mama akishikwa na uchungu, pikipiki ndiyo hukimbilia Tarime. Ng'ombe wamelala njiani, mashimo ni mengi, na taa moja haimuliki mbali. Ndiyo sababu wenye pikipiki wengi hutaka kuongeza taa mbili za pembeni. Kabla hujaziongeza, soma kwanza historia yake, maana ndani yake mna fundisho.

Mwaka 1900 Frederick Baldwin wa New York alipewa hati ya uvumbuzi kwa taa ya baiskeli itumiayo kabaidi. Kabaidi ni mawe ya kijivu. Maji yakiyadondokea, hutoka gesi iwakayo kwa mwanga mweupe. Taa za namna hii zilifungwa kwenye pikipiki za zamani, na wachimba madini wakazivaa kofiani. Basi mpanda pikipiki na mchimba dhahabu waliwahi kutumia taa za aina moja. Lakini maji yalipokwisha, na mwanga ulikwisha.

Katika miaka ya 1920 taa za umeme zilienea. Injini ilizungusha dainamo, nayo dainamo ikajaza betri ya volti 6. Mwanga ulikuwa hafifu. Katika miaka ya 1960 pikipiki nyingi zilianza kupewa volti 12, na wakati huo zikatokea balbu za halojeni, zing'aazo sana. Lakini balbu hizo hula umeme mwingi.

Hebu tufanye hesabu. Taa mbili za halojeni za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 9 na zaidi. Pikipiki ndogo, ambayo taa yake kubwa mara nyingi ni ya wati 35 tu, haiwezi kulisha taa hizo. Betri itapungua kidogo kidogo, hata honi isilie.

Siku hizi ziko taa za LED. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya mwanga wa buluu, iliyofungua njia ya taa nyeupe zilazo umeme kidogo. Taa mbili za wati 10 hutumia ampea zisizofika 2.

Fundisho ni hili: tangu kabaidi hadi LED, nguvu ya taa hutegemea kinachoilisha. Basi uliza kwanza wati, kisha bei. Mwambie fundi aweke fyuzi karibu na betri, ili waya ukigusana na chuma usiwake moto. Taa mpya ziwe na swichi yake. Tena ziinamishwe, zimulike njia, zisimulike macho ya watu. Mwenzako ajaye mbele naye huenda amebeba mgonjwa. Ukimpofusha, mtaanguka nyote wawili. Zizime mnapokaribiana.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini taa ya kabaidi ilizimika njiani?
2. Taa mbili za wati 18 kwenye betri ya volti 12 hutumia ampea ngapi?
3. Fyuzi huzuia hatari gani?

Kwaherini, hadi somo lijalo.