Kijana Anaenda Kenya

Siku niliyosafiri kwenda kusomea ualimu, mama aliwaaga majirani kwa niaba yangu: "Kijana anaenda Kenya." Nilikuwa naelekea Nairobi tu, lori likivuka daraja la Mto Tana asubuhi. Kwa mama, ng'ambo ya mto ndiyo ilikuwa Kenya, sisi wa Garissa tulikuwa NFD, yaani Northern Frontier District, wilaya ya mpaka wa kaskazini ya enzi za Waingereza. Hakuyabuni maneno hayo. Alikua akiyasikia.

Sheria ya mwaka 1902 iliwapa Waingereza uwezo wa kufunga eneo lolote, asiingie mtu bila kibali. NFD nzima ikafungwa mwaka 1926. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine, nayo ilikuwa kali zaidi: kabila likitajwa kuwa adui, watu wake wakamatwe na mifugo yao ichukuliwe, hata kama aliyekosa ni mmoja.

Wazee wetu walipozitaja enzi hizo, jina la ofisa Mwingereza Gerald Reece halikukosekana. Alianza kama mkuu wa wilaya (DC) mpakani, akapanda hadi kuwa mkuu wa NFD wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mkewe, Alys, aliandika kitabu juu ya maisha yao huku. Mimi sidhani Reece aliichukia nchi yetu. Naona aliipenda kama mtu apendavyo boma lake, na mwenye boma ndiye huamua nani apite mlangoni.

Kulikuwa pia na mstari waliouchora Waingereza kugawa malisho. Wasomali wakae mashariki yake, Waborana na Waorma magharibi. Babu yangu alitozwa faini ya ngamia na ofisa mmoja kwa sababu mvua ilinyesha upande usio wake, akaifuata. Mfugaji afanye nini? Majani hayasomi ramani. Ngamia wale hawakurudi, na hadi anakufa babu alikuwa bado anawataja mmoja mmoja, kwa rangi na kwa mama zao.

Mwaka 1948 chama cha Somali Youth League, kilichodai Wasomali wote waungane, kilipigwa marufuku NFD. Mwaka huohuo Reece aliondoka kwenda kuwa gavana wa Somaliland ya Waingereza. Mtu akaenda, sheria zikabaki.

Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuja kuuliza watu wa NFD wanataka nini. Wasomali walijibu wazi kwamba wanataka kuungana na Somalia. Haikuwa. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 28, siku 16 tu baadaye, hali ya hatari ikatangazwa kwetu. Vita vya shifta, waasi waliotaka kujiunga na Somalia, vikaja na kwisha mwaka 1967, lakini hali ya hatari iliendelea hadi 1991. Nilizaliwa, nikasoma, nikaoa, nikafundisha darasa baada ya darasa chini yake.

Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliamriwa kupanga foleni wathibitishe uraia wao. Nilisimama tangu alfajiri nikiwa na cheti changu cha ualimu kwenye bahasha. Mbele yangu alikuwa mzee aliyepigana Burma chini ya bendera ya Uingereza, ameshika medali yake mkononi. Aliulizwa chifu wake ni nani, na chifu wa baba yake.

Sasa mjukuu wangu anasoma Nairobi. Nikimpigia simu jioni, ulimi hunitangulia: "Kenya kukoje?"