Kuku: Mgeni wa Pwani na Kitoweo cha Heshima

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki kuku hahesabiwi kuwa ni jambo la historia. Ngome zina wanahistoria wake, na hati za masultani zina wasomaji wake, lakini ndege huyu achakuraye uani huonekana kana kwamba alikuwapo tangu ardhi ilipotandikwa. Lugha yenyewe yaelekea kuunga mkono dhana hiyo, kwa kuwa Kiswahili kina jina la kuku katika kila hatua ya maisha yake: kifaranga, pora, tembe, mtetea, koo, jogoo au jimbi. Utajiri wa majina kama huu aghalabu ni dalili ya ukazi wa siku nyingi. Walakini kuku ni mgeni, na ugeni wake ukichunguzwa vema waeleza mengi juu ya watu waliompokea.

Asili yake ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mifupa ya zamani kuliko yote inayoweza kuaminiwa kuwa ya kuku wa kufugwa yatoka Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, na umri wake ni baina ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Wataalamu hao waliunganisha ufugaji wake na kilimo cha mpunga na mtama. Ndege wa mwituni alivutwa na nafaka iliyomwagika mashambani na ghalani, akakaribia makazi ya watu, na mwishowe akasahau msitu. Basi kabla mwanadamu hajala kuku, kuku alikwisha kula chakula cha mwanadamu.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Katika nchi nyingi alikofika, kuku hakupokelewa kwanza kama nyama. Watu walimpenda kwa sauti yake iwikayo alfajiri, kwa vita vya majogoo, na kwa uzuri wa manyoya yake. Julius Caesar, alipoandika habari za Waingereza wa kale, alisema kwamba watu wale waliona ni haramu kula sungura, kuku na bata bukini, bali waliwafuga kwa kujifurahisha. Maneno yake yanasadikiwa na makaburi, maana katika Ulaya ya kale kuku wazima walizikwa bila alama ya kisu mifupani, na baadhi yao walikuwa wamezeeka. Mahali palipopata kuonyesha watu wakila kuku kwa wingi katika zama za mapema ni Maresha, katika nchi ya Kanaani ya kale, baina ya karne ya nne na ya pili kabla ya Kristo. Kuku, kwa hiyo, alikaa na watu mamia ya miaka kabla ya kuwa kitoweo cha kawaida.

Lini basi alifika katika pwani ya Afrika ya Mashariki? Hapa ndipo wataalamu walipohitilafiana, na hitilafu yenyewe haikuwa ndogo. Katika mapango ya Unguja, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata mifupa aliyoitambua kuwa ya kuku, katika matabaka ya udongo yaliyokadiriwa kuwa na umri wa miaka elfu kadha kabla ya Kristo. Kama ndivyo, ingelazimu kukubali kwamba watu wa pwani hii walikuwa na mawasiliano na Asia zamani sana, kabla ya miji ya mawe na kabla ya habari zozote zilizoandikwa. Lililobishaniwa, basi, lilikuwa zaidi ya ndege. Lilikuwa ni umri wa bahari ya Hindi kama njia ya watu.

Ugumu ulikuwa katika mfupa wenyewe. Kanga na kwale ni ndege wa Afrika, nao ni jamaa wa kuku, na kipande cha mfupa wao kilichovunjika na kuliwa na chumvi ya udongo ni vigumu kukitofautisha kwa jicho. Mwaka 2017 Mary Prendergast na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza masalio ya wanyama kutoka mahali 22 katika Afrika ya Mashariki. Hawakutosheka na umbo la mfupa, bali walipima chembe za urithi na protini zilizobakia ndani yake, na mifupa mingine wakaipima umri moja kwa moja. Wakaona kwamba ushahidi wakubali kuja kwa kuku katika pwani hii si mapema kuliko katikati ya miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Pamoja na kuku walimchunguza panya mweusi, mgeni mwingine kutoka Asia, na tarehe za wawili hao zikalingana. Mmoja alipakiwa kwa hiari na wa pili alijipakia mwenyewe, lakini wote wawili ni mashahidi wa safari zile zile za msimu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Afrika nzima ilimpata kuku kwa mlango mmoja. Huko Mezber, kaskazini ya Uhabeshi, mifupa ya kuku imepatikana yenye umri wa baina ya karne ya tisa na ya sita kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya ushahidi wa pwani. Na uchunguzi wa nasaba za kuku wa Afrika ya Mashariki waonyesha kwamba hawatoki kwa mama mmoja. Baadhi yao wana undugu na kuku wa Bara Hindi, na wengine na kuku wa Asia ya Kusini-Mashariki.

Lugha nayo ina ushahidi wake, ingawa wataka hadhari. Neno kuku lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu: Waganda husema enkoko, Wanyarwanda inkoko, Wakikuyu ngũkũ, na Wazulu inkukhu. Kwa kuwa jina hili laiga sauti ya ndege mwenyewe, mtu asilitegemee kupita kiasi. Lakini Madagaska yatoa funzo lisiloweza kupuuzwa. Lugha ya kisiwa hicho ni ya asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, upande ule ule alikotoka kuku, na ingetarajiwa kwamba wenyeji wake wamwite kwa jina la huko. Sivyo. Wao humwita akoho, neno walilolipata kwa Wabantu, kama vile walivyopata omby kwa ng'ombe na akanga kwa kanga. Hata mgeni aliyevuka bahari kutoka upande wa kuku alijifunza jina la kuku kwa Mwafrika.

Kuhusu kuliwa kwake pwani, shahidi aliye bora ni Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Kadhi alimweka katika nyumba ya wanafunzi, na chakula kikaletwa kutoka nyumbani kwa Sheikh wa mji: wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Ni karamu ambayo Mswahili wa leo angeitambua mara moja. Karibu miaka mia mbili baadaye Mreno Duarte Barbosa aliandika juu ya Mombasa kwamba ina kuku wengi walionona, pamoja na mchele, mtama, machungwa na ndimu. Kadhalika uchimbuzi wa Pemba umeonyesha kwamba watu waliokuwa wakila zaidi mawele katika karne za awali waligeukia mchele kuanzia kama karne ya kumi na moja. Hivyo kuku na wali, wageni wawili wa bahari, walikutana katika sinia moja na kuwa ndio adabu ya kumkirimu mgeni wa tatu, yaani mtu.

Sababu ya heshima hiyo si siri. Ng'ombe akichinjwa humlazimu mwenyewe kuita mji mzima, kwa maana nyama haikai. Kuku huisha katika chungu kimoja. Kwa sababu hiyo aliweza kuwa mali ya nyumba moja, na mara nyingi mali ya mwanamke, akamwezesha hata maskini kumpokea mgeni pasipo aibu. Lakini palipo na heshima pana mipaka. Katika makabila mengi firigisi ilikuwa haki ya mwenye nyumba au ya mgeni mkuu. Katika Buganda, wanawake ndio waliowalea kuku, nao walikatazwa kula nyama yao na mayai pia, hata mwiko huo ulipodhoofika katika karne ya 20. Historia ya kuku kama chakula, basi, si historia ya shibe peke yake. Ni historia ya nani apewe kipande gani, na nani apike asichokula.

Heshima hii imepungua kwa sababu iliyotoka mbali. Mwaka 1923 Cecile Steele, mwanamke wa Delaware katika Marekani, aliagiza vifaranga 50 akaletewa 500. Akawalea wote kwa ajili ya nyama, na faida yake ikawavuta majirani. Kutokana na mwanzo huo, na uteuzi wa mbegu uliofuata, akatokea kuku wa kisasa afaaye kuchinjwa kabla ya kutimiza miezi miwili. Hivi sasa kuku zaidi ya bilioni 70 huchinjwa duniani kila mwaka. Katika miji ya Afrika ya Mashariki kuku wa aina hiyo huliwa na chipsi siku yoyote, bila mgeni wala sikukuu. Mwiko wa mwanamke umeondoka, na hilo ni jema. Lakini mwanamke aliyemiliki mitetea mitano uani hana nafasi katika banda la kuku elfu tano.

Wazee husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya kuku wa pwani ilifunguliwa zamani, hata watu wakasahau kwamba ilikuwako. Lakini mwezi wa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya waliteketezwa huko Namanga kwa amri ya serikali ya Tanzania, kwa kuhofia ugonjwa wa mafua ya ndege. Ndege aliyevuka bahari kuu kabla ya kuwapo mipaka alikwama penye mpaka wa nchi mbili ambazo zote zamwita kwa jina moja.