Kushushwa Nafasi za Kuanzia: Adhabu ya Gridi kwa Kiswahili

"Anaanzia wapi?" Jumamosi jioni, mchujo ukishamalizika na mbio zikingojewa kesho yake, hilo ndilo swali la mashabiki wa langalanga. Nani ameweka muda bora wameshamwona. Wanauliza anaanzia wapi kwa sababu mambo hayo mawili yanaweza kuachana kabisa. Oktoba 2021 nchini Uturuki, Lewis Hamilton aliwashinda wote kwenye mchujo, na kesho yake akaanza mbio akiwa wa 11. Hakuwa amemkosea mtu yeyote barabarani. Gari lake lilikuwa limefungwa injini mpya iliyozidi idadi inayoruhusiwa kwa mwaka, na bei ya injini hiyo ni nafasi kumi.

Waingereza hulipa jambo hilo jina la maneno mawili tu, "grid penalty". Sisi tuna majina mengi na hatujakubaliana juu ya lolote. Huyu atasema adhabu ya gridi, yule kurudishwa nyuma, mwingine adhabu ya mstari wa kuanzia, na wapo wanaosema tu "kapigwa tano". Mbio zikiwa za kawaida, hayo hayaumizi sana. Zikiwa za kuamua bingwa, jina bovu linazaa ugomvi, kwa sababu mashabiki wanabishana kuhusu mambo mawili tofauti wakidhani wanabishana kuhusu moja. Kwa hiyo inafaa tuitazame adhabu yenyewe kwanza, ndipo tuipe jina.

Gridi ni eneo la kuanzia mbio. Nafasi zake zimechorwa barabarani kwa rangi nyeupe, mbili mbili, upande wa kushoto na wa kulia, na kuanzia 2017 hadi 2025 zilikuwa 20. Lakini gari la pili halisimami sambamba na la kwanza. Liko mita 8 nyuma yake, la tatu liko mita 8 nyuma ya la pili, na kuendelea hivyo mpaka mkiani. Ndiyo maana gridi haifai kuitwa "mstari wa kuanzia": mstari ni mmoja, na hapa hakuna magari mawili yaliyo kwenye mstari mmoja.

Sasa piga hesabu. Nafasi tano ni mita 40, nafasi kumi ni mita 80. Gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa hukata takriban mita 69 kwa sekunde moja. Adhabu ya nafasi kumi, ukiihesabu kwa umbali peke yake, ni kama sekunde moja na kidogo, na katika mbio za saa moja na nusu hiyo si kitu. Uzito wake uko kwenye yale magari kumi yaliyosimama katikati. Kila moja lina dereva asiyetaka kupitwa, na kila moja linachafua hewa nyuma yake hadi gari linalofuata linapoteza mshiko kwenye kona. Kwa sababu hiyo neno "kurudishwa nyuma" linapotosha. Linamfanya msikilizaji afikirie mita, ilhali kinachochukuliwa ni nafasi.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kuchanganyikiwa, na sababu hiyo ni ya heshima: mbio za magari tumezijua kwa njia ya rali. Safari Rally imekuwapo tangu 1953, na mwaka 2021 ilirudi kwenye ubingwa wa dunia ikiwa na makao yake Naivasha. Rali haina gridi. Magari huachiwa moja moja, kwa dakika kadhaa kati ya moja na jingine, na anayeshindana na dereva ni saa. Hivyo adhabu ya rali ni ya muda. Ukichelewa kwenye kituo cha kukagulia muda, kila dakika moja inakugharimu sekunde 10. Ukiwahi kabla ya wakati wako, kila dakika moja inakugharimu dakika nzima. Shabiki aliyekulia kwenye hesabu hiyo akisikia "dereva kapewa adhabu ya tano", lazima aulize: tano nini?

Kuna zaidi. Katika rali kutangulia si neema kila wakati. Siku ya kwanza anayeongoza ubingwa ndiye anayefungua njia, na barabara ikiwa kavu yeye ndiye anayefagia changarawe na mchanga uliolegea, wenzake wakija nyuma wanapata njia ngumu iliyosafishwa, ingawa nao hula vumbi. Mtu wa Naivasha anayeambiwa kwamba kuanzia nyuma ni adhabu ana haki ya kushangaa. Katika langalanga anayetangulia ana barabara tupu na hewa safi, na anaiona kona ya kwanza bila mtu mbele yake. Jina tunalolitafuta, kwa hiyo, lazima lieleze wazi kwamba kinachopotea ni nafasi, na kwamba kinapotea mwanzoni.

Neno "gridi" lenyewe silikatai. Limeshaingia, linatamkika, na linafuata sarufi yetu bila taabu: kwenye gridi, gridi ya leo, gridi imebadilika. Tatizo ni kwamba Tanzania lina mwenyewe tayari. Mtu akisikia hitilafu ya gridi anafikiria Gridi ya Taifa na umeme uliokatika, kwa hiyo "adhabu ya gridi" haimwambii chochote asiyejua tayari. Gridi libaki kuwa jina la mahali. Tendo lipewe kitenzi, maana Kiswahili hustarehe zaidi na kitenzi kuliko na majina mawili yaliyounganishwa.

Kitenzi hicho tunacho. Kila mfuatiliaji wa soka anajua maana ya timu kushushwa daraja: ilikuwa juu, sasa iko chini, na aliyeishusha ni kanuni. Kwa mfano huohuo tuseme dereva ameshushwa nafasi. Lakini tusiishie hapo. Nchini Kanada mwaka 2019, Sebastian Vettel alivuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza, lakini akawa ameongezewa sekunde 5 kwa kurudi barabarani kwa njia iliyomhatarisha Hamilton, na ushindi ukaenda kwa Hamilton. Vettel naye alishushwa nafasi, ila ni nafasi ya kumalizia. Ili tuzitenge adhabu hizo mbili tunahitaji neno moja zaidi, nalo ndilo lililokuwa kwenye swali la Jumamosi jioni: kuanzia. Ameshushwa nafasi tano za kuanzia. Ukiisikia mara moja redioni, unajua ni nini kimechukuliwa, ni kiasi gani, na ni lini.

Limebaki neno "adhabu", na hapa ndipo mashabiki wanapoumizana. Kwa Kiswahili adhabu hufuata kosa, na kosa lina mtu aliyelitenda. Katika langalanga kuna kushushwa kwa aina mbili, na moja tu kati ya hizo ina mkosaji.

Tazama Novemba 2021, Hamilton na Max Verstappen wakifukuzana hadi dakika ya mwisho. Tarehe 14 huko Interlagos, Brazil, Hamilton alishushwa nafasi tano kwa kufungiwa injini nyingine mpya. Alianza wa 10 na akashinda. Wiki moja baadaye, nchini Qatar, Verstappen naye alishushwa nafasi tano. Yeye hakuwa amebadilisha chochote. Mwishoni mwa mchujo gari la Pierre Gasly lilikuwa limesimama kwenye barabara ya mbele ya majukwaa likiwa na pancha, bendera mbili za njano zikipeperushwa, na Verstappen akapita bila kupunguza mwendo inavyotakiwa. Uamuzi ulitoka siku ya mbio yenyewe. Alikuwa aanze wa pili, akaanza wa 7, akamaliza wa pili nyuma ya Hamilton. Pengo la pointi 14 alilokuwa nalo likapungua hadi 8.

Tano na tano. Ukisema wote wawili "wamepigwa adhabu ya nafasi tano", mashabiki wa huyu watasema mizani imesawazishwa na wa yule watasema wameonewa. Ukweli ni kwamba mizani haihusiki. Mmoja alilipia kifaa, mwingine aliadhibiwa kwa jambo linalohusu uhai wa watu, kwa sababu bendera ya njano inapopeperushwa panaweza kuwa na mtu anatembea barabarani.

Ada hii ya vifaa ina historia yake. Zamani timu tajiri zilifunga injini ya mchujo Jumamosi na nyingine ya mbio Jumapili. Mwaka 2004 kanuni ikataka injini moja idumu wikendi nzima, mwaka 2005 ikataka idumu mbio mbili, na anayebadilisha kabla ya wakati akashushwa nafasi kumi. Lengo lilikuwa kupunguza gharama. Leo kila sehemu kubwa ya mtambo wa gari ina idadi yake kwa mwaka. Ukizidisha mara ya kwanza unashushwa kumi, mara zinazofuata tano. Timu zinalijua hilo na zinachagua pa kulipia. Hazitalipia Monaco, ambako barabara ni nyembamba na aliyeanza wa sita humaliza wa sita bila mtu kushangaa. Zitalipia Spa, ambako Verstappen mwaka 2022 alianza wa 14 na bado akashinda.

Ada hiyo iliwahi kukosa maana kabisa. Spa mwaka 2015, madereva wawili wa McLaren, Fernando Alonso na Jenson Button, walishushwa jumla ya nafasi 105, kwenye gridi yenye nafasi 20. Nafasi ambazo hazipo haziwezi kumuumiza mtu, na tangu 2018 anayezidisha nafasi 15 anapelekwa mkiani moja kwa moja bila hesabu ndefu.

Lakini tukio linaloonyesha vizuri zaidi kwa nini neno "adhabu" halitoshi ni la Austin, Texas, Novemba 2012. Zilikuwa zimebaki mbio mbili. Alonso, akiwa Ferrari, alikuwa nyuma ya Vettel kwa pointi 10, na mchujo ulikuwa umemweka mahali pabaya. Baada ya Romain Grosjean kushushwa kwa giaboksi yake, Alonso angeanza wa nane. Ubaya haukuwa kwenye namba. Barabara ya Austin ilikuwa mpya, lami yake inateleza, na nafasi zote za namba shufwa zilikuwa upande wenye vumbi ambako magari hayapiti. Mbele yake alikuwa mwenzake wa timu, Felipe Massa, katika nafasi ya sita.

Giaboksi za magari haya hufungwa lakiri ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ili ijulikane kama zimeguswa. Ferrari waliivunja lakiri ya giaboksi ya Massa. Giaboksi ilikuwa nzima, na timu ilisema waziwazi kwa nini imefanya hivyo. Kuvunja lakiri peke yake kunatosha: Massa akashushwa nafasi tano, kutoka ya sita hadi ya 11. Aliyekuwa wa nane akawa wa saba, upande safi. Alonso alimaliza wa tatu na Massa, kutoka huko alikotupwa, akamaliza wa nne. Ubingwa Alonso aliukosa hata hivyo, kwa pointi 3: Vettel 281, yeye 278.

Massa aliadhibiwa kwa kosa gani? Hakuna. Alishushwa, na hilo tu ndilo la kweli. Aliyepanda hakupandishwa na mtu. Alipanda kwa sababu mwingine ameshuka. Hapo "kushushwa nafasi za kuanzia" inasimulia kilichotokea bila kumsingizia mtu, na "adhabu" inamsingizia.

Napendekeza basi tuandike na tutangaze hivi. Tendo liwe kushushwa nafasi za kuanzia, na idadi itajwe. Sababu iandamane nalo daima: ameshushwa nafasi kumi za kuanzia kwa injini mpya, ameshushwa nafasi tatu za kuanzia kwa kumzuia mwenzake kwenye mchujo. "Ameadhibiwa" tuliweke kwa dereva aliyekosa, na waamuzi wakilitumia kwake tulitangaze bila kulipunguza. Anayetafsiri kanuni na kuhitaji jina kwa ajili ya kichwa cha kifungu ana "ushushaji wa nafasi za kuanzia", refu kidogo lakini halina utata. Gridi ibaki gridi, safu ya mbele ibaki safu ya mbele, na sekunde zinazoongezwa ziitwe sekunde.

Mtangazaji hupata sekunde chache tu kabla taa tano nyekundu hazijazimika. Akizitumia kusema nani ameshushwa, kutoka wapi hadi wapi, na kwa nini, mashabiki watabishana kuhusu jambo lenyewe: kama kanuni hii ni ya haki kwa dereva ambaye injini yake imemfia mikononi. Huo ni mjadala unaostahili kuwapo, na Kiswahili kina maneno ya kuuendesha.