Rika na Imani katika Nchi ya Kahama

Katika maisha ya mwanadamu upo muda mfupi ambao si utoto wala si utu uzima. Katika muda huo maneno ya wazazi humfikia kijana kama ngoma inayolia mbali, lakini neno la mwenzake mmoja humwingia kama msumari katika mti mbichi. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo yasema kweli, ila haisemi mkono ukunjao ni wa nani. Aghalabu hudhaniwa kuwa ni mkono wa mzazi, au wa mwalimu, au wa padri na mchungaji. Insha hii yakusudia kuonyesha, kwa habari za nchi ya Kahama na majirani zake, kuwa mkono wenye nguvu zaidi ni ule wa rika. Vikundi vya vijana wa kanisa vilipofaulu kujenga imani isiyochakaa na urafiki usiokufa, vilifaulu kwa kuwa vilirithi kazi ya rika, wala si kwa wingi wa mafundisho peke yake.

Nyahanga ni kata mojawapo ya mji wa Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga. Mji huu umekaa mahali wanapokutana Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa. Kaskazini yake ni Bulyanhulu, na mbele zaidi ni Geita, nchi za dhahabu. Na karibu yake ni Buzwagi, ambako mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Mji wa namna hii huvuta vijana kama taa ivutavyo kumbikumbi. Huja wenye kuuza mpunga, wenye kuendesha pikipiki, wenye kusoma, na wenye kutafuta bahati katika mashimo. Wengi wao wameacha ukoo nyuma. Swali la nani atakuwa ndugu wa kijana huyu si swali dogo, wala si jipya.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Katika vijiji vya Usukuma na sehemu za Unyamwezi vijana walikuwa na chama chao, wakiitwa basumba, na mkuu wao aliitwa nsumba ntale. Chama hicho kilikuwa na kazi ya kulima. Mwenye shamba aliyeelemewa aliwaita vijana. Wakaja na majembe yao, wakapanga mstari, wakalima kwa wimbo na ngoma, kisha wakalishwa. Kundi la kazi namna hiyo liliitwa elika, neno ambalo sikio la Mswahili halishindwi kusikia undugu wake na rika. Nyimbo za kazi hizo zilikuwa nyingi hata mtaalamu Frank Gunderson alipata kitabu kizima cha kuandika juu yake, kilichotoka mwaka 2010. Basumba walikuwa pia na hukumu zao. Aliyekwepa kazi alitozwa faini; aliyekaidi alitengwa, asipewe moto wala maji na majirani. Lakini alipolipa alirudi mstarini, na jembe lake likasikika tena pamoja na majembe ya wenzake. Jambo hili la kurudi nitalirejea.

Dini ya Kikristo ilipoingia katika nchi hii haikukuta uwanja mtupu. Mwaka 1891 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kwa jina la Mapadri Weupe, walianzisha misheni Ushirombo, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Geita. Miongoni mwa watu wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa watoto waliokombolewa katika biashara ya utumwa. Watoto hao hawakuwa na baba wa kuwataja wala kaburi la babu la kuonyesha. Walikula pamoja, walifanya kazi pamoja na kubatizwa pamoja. Walipokua wakaoana na kukaa katika vijiji vya Wakristo kando ya misheni. Katekisimu waliifundishwa na mapadri, lakini ukoo waliuumba wenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Adrian Atiman. Alikombolewa utotoni katika utumwa wa Afrika ya Magharibi, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika waliokombolewa kama yeye, akafika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Akatibu wagonjwa na kufundisha dini huko hata alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya utumishi haiwezi kuelezwa kwa masomo ya darasani peke yake. Kijana aliyepokonywa kila jamaa alipewa jamaa mpya, naye hakuiacha.

Kwa upande wa Waprotestanti, Africa Inland Mission ilipokea kituo cha Nassa, penye Ghuba ya Speke, mwaka 1909, na kutoka hapo ikaenea katika Usukuma. Katika kanisa lililozaliwa na kazi hiyo, kama katika makanisa mengine, kwaya ndiyo iliyowakusanya vijana. Wamisionari wengi wa mwanzo waliziogopa ngoma za wenyeji, hasa za vyama viwili vishindanavyo, Bagika na Bagalu, kwa sababu ya dawa zilizofungamana na mashindano yao. Kijana aliyebatizwa alitakiwa aache ngoma. Aliacha ngoma, lakini hakuacha haja iliyompeleka ngomani: haja ya kuimba na wenzake, kuvaa sare moja, kushindana na kijiji cha pili, na kuhesabiwa kuwa mtu. Haja hiyo ikahamia kwaya. Padri David Clement wa Bujora, karibu na Mwanza, aliona mbali zaidi katika miaka ya 1950. Akaziingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, na Bagika na Bagalu wakapewa nafasi katika sikukuu ya Ekaristi, iitwayo Bulabo. Alitambua kuwa anayetaka moyo wa kijana hana budi kupokea pia miguu yake.

Baada ya Uhuru mambo mawili yalibadili hali ya rika. Kwanza, utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vipya. Mipaka ambayo basumba walitumikia ikavurugika. Pili, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za makanisa zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali zikatwaliwa na Serikali kuanzia mwaka 1970. Kanisa lililozoea kuwalea vijana katika bweni sasa halikuwa na bweni. Kulea kukatoka chini ya paa la shule, kukahamia kwenye viwanja vya parokia na usharika, baada ya saa za masomo na siku za mapumziko. Hapo ndipo uzito wa kwaya za vijana ulipoongezeka, pamoja na vyama kama VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, na UKWATA, Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania. Wengine watauona wakati huo kuwa hasara kwa makanisa. Nadhani ilikuwa hasara iliyozaa faida, maana kijana wa bwenini alisali kwa kuwa kengele imelia, ilhali kijana wa kwaya alikuja kwa miguu yake.

Wala mazoea ya kale hayakufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji wa sehemu za Kahama, Shinyanga na Nzega waliunda sungusungu, jeshi la kijiji lenye viongozi wake, nyimbo zake na faini zake. Watu ambao babu zao walilima mstari mmoja hawakuhitaji mwalimu wa kuwafundisha kusimama mstari mmoja. Asili hiyohiyo inakaa katika kikundi cha vijana wa kanisa, ingawa silaha yake ni daftari la nyimbo.

Tazama jinsi kikundi hicho kifanyavyo kazi. Kijana hufika kwa ajili ya wimbo, kwa kuwa wimbo humpa sauti kabla hajawa na neno lake mwenyewe la kusema. Hupangiwa zamu ya kufagia kanisa. Hutoa mchango wa sare, na asiyekuwa nacho huchangiwa. Mwenzao akifiwa, wote huenda msibani. Hulala nje penye matanga, hubeba maji, huchimba kaburi, huimba. Hapo ndipo imani hupita kutoka sikioni kwenda mifupani. Kijana wa miaka 15 aliyeimba habari za ufufuo kando ya kaburi la mama wa rafiki yake amelishika fundisho hilo kwa namna isiyopatikana katika mtihani. Na yule aliyeimbiwa amebaki na deni la wema, ambalo ni kamba ngumu kuliko kiapo. Gregory Barz, aliyechunguza kwaya za Tanzania na kutoa kitabu chake mwaka 2003, naye aliona kuwa kwaya ni jamii yenye kutunzana, si wapiga muziki tu.

Jambo hili si la Kahama pekee. Mwaka 1844 George Williams, kijana wa shamba aliyehamia London kufanya kazi katika duka la vitambaa, alikusanya wenzake wa dukani kwa sala. Ndiyo asili ya YMCA. Katika Ubelgiji, Joseph Cardijn aliporudi nyumbani kutoka seminari aliwakuta marafiki zake wa utoto, waliokwisha kuingia viwandani, wakimtazama kama adui. Jeraha la urafiki huo uliovunjika lilimtuma kazi ya maisha yake, na mwaka 1925 chama chake cha vijana wafanyakazi Wakristo kikasimama rasmi, kwa kanuni ya kuona, kuamua na kutenda. VIWAWA ya Tanzania ni ya ukoo huo. Basi London, Brussels na Kahama zatoa ushuhuda mmoja: kazi imtoapo kijana kwao, imani hukaa naye ikiwa amepata wenzi wa kuishika pamoja.

Lakini haifai kusifu bila kupima. Rika hukunja, na mkono ukunjao waweza pia kuvunja. Yapo makanisa ambayo msichana akipata mimba huondolewa kwaya, huku mwenzake wa kiume akiendelea kuimba. Lipo pia jambo la dhahabu: kijana aendaye machimboni hukosa mazoezi, jina lake hufutwa, naye akirudi na aibu au na fedha hana tena mahali pa kukaa. Hapa kanisa lapaswa kujifunza kwa basumba. Wao walitoza, walikemea, hata walitenga. Ila mlango wa kurudi ulijulikana na bei yake ilijulikana. Chama kisicho na mlango wa kurudia hulea wasiokosea, nao hawapo duniani.

Hatari nyingine ni ya wazee. Huwatumia vijana kuimba, kubeba viti na kuchanga, lakini wakati wa shauri huwafungia nje. Nsumba ntale alikuwa kijana, na wazee walimsikiliza. Ukimnyang'anya kijana shauri na kumwachia wimbo, umemfanya kinanda. Na kinanda hakina imani.

Anayetaka kujua hali ya dini katika Nyahanga miaka 30 ijayo asihesabu mahubiri wala vipaza sauti. Na aende msibani, atazame ni vijana wangapi wamekuja na majembe. Kisha aulize kama yupo kati yao aliyewahi kuanguka, akapokewa tena. Akimwona huyo, ajue kwamba elika haijafa, na kwamba imani imepata watu wa kuilima.