Jumeli ya kuangalia ndege: nunua mwanga, usinunue namba kubwa

Umetafuta makuta yako pole pole, sasa unataka darubini ya macho mawili, ile wengi kwetu tunaita jumeli. Muuzaji anakuonyesha moja iliyoandikwa 20x50: "Papa, hii inavuta mpaka ng'ambo ya ziwa!" Pembeni iko ndogo ya 8x32, bei karibu ile ile. Wengi wanabeba ile kubwa, wanafika porini, hawaoni ndege. Kwa kijana anayetaka kuongoza watalii au mwanafunzi anayehesabu ndege, hiyo ni hasara ya miezi. Tueleze namna ya kuikwepa.

Namba mbili zinasema nini?

Tuchukue 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye mita 80 utamwona kama yuko mita 10. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hapo ndipo mwanga unapoingilia.

Sasa gawanya ya pili kwa ya kwanza. 8x42 inaleta jichoni mwanga wenye upana wa milimita 5 na kidogo, 8x32 milimita 4, na 20x50 milimita 2.5 tu. Kwenye jua kali mboni ya jicho inajifunga mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo saa sita mchana mbele ya butiki zote zinaonekana sawa. Lakini asubuhi mapema, au chini ya miti ya Kahuzi-Biega, mboni inafunguka zaidi. Hapo ile 20x50 inaonyesha giza.

Tena, inakuza mtetemo wa mkono mara 20, na sehemu unayoona inakuwa nyembamba. Chozi wa Rockefeller, ndege mdogo wa milima mirefu ya mashariki mwa Kongo, hatulii kwenye ua moja. Ukimtafuta kwa jumeli ya namna hiyo, amekwisha ruka. Kwa pori, chukua 8x32 au 8x42. Kwa mahali pa wazi, kama kando ya ziwa au bonde la Ruzizi, 10x42 inafaa pia. Zile za kubadilisha ukuzaji, 10 mpaka 30 kwa mfano, ziache. Zile za bei ndogo karibu zote zina picha mbaya.

Bei gani inatosha?

Jumeli kubwa za Zeiss au Swarovski zinapita dola 2,000. Hauzihitaji. Za kuanzia zenye sifa nzuri, kama Celestron Nature DX au Nikon Prostaff P3 za 8x42, ng'ambo zinauzwa kati ya dola 120 na 200. Ukiwa chini ya dola 100, angalia zile za umbo la zamani, ambazo vioo vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma: kwa bei ile ile mara nyingi picha yake ni safi zaidi. Ubaya wake ni kwamba nyingi hazifungi maji vizuri, na kwetu mvua haikosekani.

Tafuta maandishi BaK-4 (aina nzuri ya kioo cha ndani) na FMC (vioo vyote vimepakwa tabaka nyingi za kupitisha mwanga). Lakini maandishi peke yake si ushahidi, mtu anaweza kuandika lolote. Vioo vya mbele vinavyong'aa wekundu kama taa ya gari, viache: vinarudisha mwanga mwekundu nyuma, na rangi ya ndege inageuka.

Pima kabla ya kulipa

1. Ielekeze kwenye mbingu nyeupe, kamwe si kwenye jua. Ishike mbali na uso: duara mbili za mwanga ziwe mviringo kamili, bila kingo za kijivu.
2. Tazama nguzo ya mbali kwa macho mawili. Ukiona nguzo mbili, au macho yakiuma kisha dakika moja, irudishe.
3. Soma kibao kilicho kivulini, siyo juani.
4. Zungusha gurudumu la katikati. Liende laini, bila kulegea.
5. Ukivaa miwani, jaribu nayo. Omba yenye nafasi ya jicho ya milimita 15 au zaidi.
6. Kama ni ya mitumba, chungulia ndani. Ukungu ukishaota kwenye vioo, kuutoa ni kazi ngumu.

Nyumbani, ipange kwa macho yako: funga jicho la kuume, safisha picha kwa gurudumu la katikati. Halafu funga la kushoto, safisha kwa pete ya upande wa kuume. Ni mara moja tu, lakini wengi hawafanyi, wanalaumu jumeli.

Na usalama?

Kwetu hili si dogo. Mtu mwenye jumeli anaweza kuchukuliwa kama mpelelezi. Usinunue yenye rangi za kijeshi. Fikia kwanza kwa chifu au kwa walinzi wa mbuga, sema unafanya nini, na tembea na mtu wa pale. Karibu na kambi, kizuizi au mpaka, ibaki ndani ya mfuko. Ndege atarudi kesho. Wewe pia inafaa urudi nyumbani.