Utalii tiba: Tanzania inaweza kushindana na India?

Kwa miaka mingi, Mtanzania aliyeambiwa moyo wake unahitaji upasuaji alijua safari ni ya India. Familia iliuza shamba, ikachangisha kwa ndugu, au ikasubiri rufaa ya serikali. Siku hizi wapo wagonjwa kutoka Komoro wanaopanda ndege kuja kutibiwa Dar es Salaam. Katika makala haya tunaeleza biashara ya huduma za afya inavyofanyika kati ya nchi na nchi, na Tanzania imesimama wapi.

Njia nne za biashara hii

Mkataba wa Jumla wa Biashara ya Huduma, wa Shirika la Biashara Duniani, ulianza kutumika mwaka 1995. Unataja njia nne. Kwa upande wa afya ni hizi:

- Huduma kuvuka mpaka: daktari aliyeko nchi nyingine anasoma picha za mionzi zilizotumwa kwa intaneti.
- Mgonjwa kusafiri: huu ndio utalii tiba.
- Mwekezaji kufungua hospitali nje ya nchi yake.
- Mtaalamu kwenda kufanya kazi nje. Mwaka 2021, kwa mfano, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wauguzi.

India ilifikaje hapo?

Bei ni sababu kubwa: mishahara na gharama za uendeshaji ziko chini kuliko Ulaya na Marekani, na dawa nyingi zinatengenezwa humo humo. Lakini bei peke yake haitoshi. Hospitali kama Apollo, iliyoanzia Chennai mwaka 1983, zilitafuta ithibati ya kimataifa ili mgeni awe na imani nazo. Serikali nayo iliweka viza maalumu ya matibabu, pamoja na ya ndugu anayemsindikiza mgonjwa.

Tanzania ina nini?

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, inafanya upasuaji wa moyo ambao zamani ulikuwa wa rufaa ya nje. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Mwanzoni wataalamu wa India na Japani walishirikiana na wetu.

Tuna faida nyingine pia. Mgonjwa wa Burundi au mashariki mwa Kongo anaweza kujieleza kwa daktari kwa Kiswahili bila mkalimani, na nauli ni ndogo kuliko ya kwenda India.

Tunapokwama

Vifaa na dawa nyingi vinaagizwa nje kwa fedha za kigeni, hivyo bei yetu haishuki kirahisi. Madaktari bingwa wabobezi ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Mgonjwa wa nje pia anataka kujua gharama zote kabla hajasafiri, na ajibiwe haraka anapouliza.

Lipo swali zito zaidi. Chumba cha upasuaji ni kimoja na bingwa ni yuleyule. Fedha za mgeni zikinunua mashine na kusomesha wataalamu, kila mtu ananufaika. Zikiishia kumsogeza mgeni mbele ya foleni, mama aliyetoka Kigoma na barua ya rufaa ndiye anayelipia. Ndiyo maana mipango ya utalii tiba inapaswa kwenda pamoja na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023.

Kabla ya kusafiri nje

Kwa wasikilizaji wetu wenye mgonjwa: muulizeni kwanza daktari kama huduma hiyo inapatikana hapa nchini. Ikibidi kwenda nje, ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi, na mjue ni nani atakayemfuatilia mgonjwa akisharudi nyumbani.